Koti la Chuo cha Ng'ambo

Mabula alisema neno lake mbele ya watu, kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga pale Mlabani, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa Msukuma mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, mtu wa kusema alichokiona bila kukizungusha.

"Mayu, shikamoo," alimwamkia Stefania, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kijana wako nimemwona Mang'ula. Anauza ndizi pale stesheni."

Foleni yote iligeuka kumtazama Stefania. Hakuna aliyekuwa hajui kwamba Valentino, mtoto wa kwanza wa Nikodemu na Stefania, yuko Ujerumani anasomea mitambo. Walimsindikiza wenyewe mpaka kwenye treni, na kwaya ya parokia ikaimba hadi behewa la mwisho likapotea.

"Wangu?" Stefania alicheka. "Wangu yuko Ulaya, baba. Umemfananisha."

"Ana kovu la jembe hapa kwenye kidevu. Si yule aliyekuwa ananisaidia kuvusha ng'ombe kule kivukoni?"

"Wenye makovu ni wengi."

Mabula alimtazama usoni, akaona jambo, na kwa kuwa alikuwa muungwana akarudi nyuma. "Kweli, mayu. Macho yanazeeka." Akageukia gunia lake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwanamke mmoja nyuma ya foleni akadakia kwa sauti tamu, "Mama Ulaya, kwani mtoto anasemaje huko?"

"Hajambo," alijibu Stefania. "Anasema huko baridi sana."

Hilo ndilo jibu alilowapa watu siku zote. Tangu mtoto aondoke, hakuwa amepata neno lolote kutoka kwake. Hilo la baridi alilisikia kwa Valentino mwenyewe kabla hajaondoka, alipokuwa akisimulia wanayofundishwa chuoni, naye mama mtu akalitunza, akawa analigawa kidogo kidogo. Siku hiyo aliondoka mashineni na mchele wake akasahau pumba za kuku.

Nyumbani, Bibi Yosefina alikuwa amelala kwenye mkeka barazani akivuta pumzi kwa shida. Alikuwa mama yake Nikodemu na mkubwa wa ukoo, na tangu mvua zianze kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyepanda mlima. Kwenye hospitali kubwa walimpa dawa, wakamrudisha nyumbani akakae na watu wake. Kila mtu alielewa maana ya maneno hayo.

"Stefa, mjukuu wangu anakuja lini?" aliuliza. "Niifunue sahani yake. Nisije nikaondoka nayo."

Katika ukoo huo, uliotoka upande wa Mahenge, anayekwenda mbali huagwa kwa unga wa mtama. Mkubwa wa ukoo humpaka unga kwenye paji la uso, huwataja waliotangulia, kisha huichukua sahani ya msafiri na kuifunika juu ya kabati. Hakuna anayekula humo hadi mwenyewe arudi, na aliyeifunika ndiye anayeifunua. Mtu akirudi kabla ya kufika alikoagwa kwenda, mkubwa huyo huyo ndiye awezaye kumfungulia. Bila hivyo atakuwa ameileta ndani safari isiyokwisha, na safari isiyokwisha, wazee walisema, hutafuta mtu mwingine wa kwenda naye. Paroko alizijua habari hizi. Kwa kuwa walianza kwa ishara ya msalaba, alijifanya hazijui.

Jioni Stefania alimweleza mume wake maneno ya Mabula. Nikodemu alikuwa anasafisha viatu vyake vya kanisani. Tangu mtoto aende Ulaya alikuwa amepewa nafasi kwenye benchi la mbele, pamoja na walimu na mganga wa zahanati, yeye mkulima wa mpunga ambaye babu yake hakuwahi kuvaa viatu.

"Mabula anajua ng'ombe," alisema. "Watu hawajui."

"Amelitaja kovu, Baba Valentino."

"Nasema hajui!" Brashi ilimponyoka. Aliinama kuiokota, akakaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Usinitie aibu, Stefania."

Kwa hiyo Stefania alimwambia anakwenda Sanje kumwona dada yake. Haukuwa uongo mtupu, maana Sanje iko mbele kidogo ya Mang'ula kwa barabara ile ile.

Chuo kilikuwa na jina refu kwenye majalada ya serikali, lakini bondeni kote kiliitwa Chuo cha Ng'ambo. Kilianzia kwenye mabanda yaliyoachwa na wajenzi wa reli, chini ya mlima, mabati matupu na sakafu ya saruji. Vijana waliochaguliwa kwenda Ujerumani ya Mashariki walikaa hapo mwaka mzima wakijifunza lugha, kula kwa uma, na kuvuka barabara zenye magari mengi. Mwishoni kila mmoja alikabidhiwa koti zito la sufu. Wa mwanzo walikwenda, wakarudi mafundi, na wazazi wao wakaezeka bati.

Kundi la Valentino ndilo lilikuwa la mwisho, ingawa walipopanda treni hakuna aliyelijua hilo. Walipofika Dar es Salaam waliambiwa warudi chuoni wangoje kidogo, kuna mabadiliko. Wakarudi, wakangoja. Mwalimu Mjerumani akaitwa kwao. Nchi iliyowaalika ikaungana na nyingine, jina lake likafutika, na wakubwa waliotia saini hawakuwa tena wakubwa. Mkuu wa chuo akahamishwa. Mpishi akaondoka na masufuria kufidia mshahara wake, na nani angemlaumu? Kwa kuwa hakuna aliyekuja kuwaambia vijana kwamba chuo kimefungwa, wao hawakukifunga.

Stefania alizisikia sauti zao kabla ya kuwaona. Zilitoka kwenye banda la kati, zikitamka pamoja maneno ya kigeni, kama watoto wa katekisimu. Alichungulia. Vijana wachache walikuwa wameketi kwenye madawati, na mmoja aliyeitwa Telesphory alikuwa ameshika chaki mbele ya ubao. Walipomwona walisimama wote kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnasoma nini?"

"Lugha, mama," alijibu Telesphory. "Tusije tukasahau. Wakituita watukute tayari."

"Nani atawaita?"

Telesphory aliitazama chaki yake. Hapo ndipo kijana wa nyuma kabisa alipotoka kwenye dawati, mrefu, amekonda, kidevuni kovu la jembe.

"Mama," alisema Valentino.

Stefania hakumkumbatia kwanza. Alitazama miguu yake, visigino vilivyopasuka ndani ya kandambili zilizofungwa waya. Huyu ndiye mtu aliyemwombea kwa Mama Maria asiumwe na barafu.

Walikwenda kukaa nyuma ya bweni. Kulikuwa na mikungu ya ndizi kutoka Sanje imevundikwa ukutani, imefunikwa na kitu kizito cheusi. Stefania alikishika kwa vidole akatambua vifungo.

"Hili si koti lako?"

"Linatunza joto, mama. Ndizi zinaiva upesi."

"Mwanangu, ni safari ya asubuhi moja kwa lori. Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Ningeingiaje?" Alisema kwa hasira, kama mtu aliyejibu swali hilo mara nyingi akiwa peke yake. "Bibi alinipaka unga mbele ya ukoo wote. Baba alinunua misa. Watu waliimba, mama! Nirudi niwaambie nini? Kwamba nilifika Dar es Salaam, nikala chapati, nikageuza?"

Stefania alicheka. Kicheko kilimtoka bila kutaka, kikageuka kilio hapo hapo, na Valentino akamshika mabega asijue la kufanya.

"Bibi yako anakufa," alisema akijifuta machozi. "Anataka kuifunua sahani yako kabla hajaondoka. Akiondoka nayo, nani atakufungulia?"

Valentino alisimama. Akalivuta koti kutoka kwenye ndizi, akalikung'uta vumbi na majani makavu, akaenda kuwaaga wenzake.

Walishuka kwenye lori la mbao mwanzo wa mji, jua likiwa bado juu. Hapo kwa Dionisi, kaka yake Stefania, fundi wa baiskeli, Stefania akamwambia mtoto, "Ngoja hapa kwa mjomba. Nikamwandae baba yako kwanza."

Hilo ndilo kosa alilojilaumu nalo maisha yake yote. Angempeleka moja kwa moja mpaka mkekani kwa mgonjwa, pengine hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa mke aliyelelewa kumtanguliza mume, na heshima nayo huwa na siku zake mbaya.

Nikodemu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele.

"Nani amemwona?"

"Dionisi tu."

"Ana viatu?"

"Ana kandambili."

"Hawezi kuingia hivyo." Alianza kutembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. "Kesho asubuhi inafika treni ya kutoka Dar. Atashuka na watu wengine, amevaa lile koti na viatu vyangu. Atapita mjini mchana kweupe, aingie kama mtu aliyerudi. Mama amfunulie sahani mjukuu aliyefika."

"Mama anaweza kumfungulia hata ambaye hakufika! Ndiyo kazi yake. Baba Valentino, mama hana kesho."

"Mama ameishinda njaa, ameyashinda mafuriko. Usiku mmoja hauwezi kumshinda."

"Na ukimshinda?"

Nikodemu alisimama. "Nitakaa benchi gani, Stefania? Niambie. Wale walionisogezea nafasi, nikapite mbele yao niwaambie mwanangu alikuwa hapo Mang'ula anakimbiza madirisha ya treni na ndizi kichwani? Nakuomba. Nakuomba usiku mmoja tu."

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwomba kitu. Aliamuru, alinuna, alinyamaza, lakini kuomba hakuomba. Stefania alishindwa na neno hilo.

Alipomnywesha bibi uji, mgonjwa aligeuza uso.

"Unanuka ndizi mbivu."

"Nilikwenda Sanje, mama." Akakoroga uji. "Valentino anakuja. Anashuka na treni kesho."

Bibi Yosefina alimtazama kwa macho ambayo yalikuwa yameanza kufifia lakini hayajawa mapumbavu.

"Kwa nini kesho?" aliuliza.

Stefania alimfuta mdomo kwa ncha ya kanga.

Asubuhi habari zilikuwa zimeenea kwamba kijana wa Nikodemu anarudi kumwona bibi yake. Watu wa kwaya walifika stesheni, na majirani wengine waliokuja kushuhudia kama Mabula alikuwa mwongo. Nikodemu alisimama jukwaani na koti lake la kanisani, miguuni amevaa viatu vya kuazima, maana vyake vilikuwa kwa mtoto. Ng'ambo ya reli, nyuma ya ghala, Valentino na mjomba wake Dionisi walijibanza. Koti la sufu lilikuwa limemkaba na jasho linamtiririka mgongoni. Mpango ulikuwa rahisi. Treni ikisimama, apande kwa upande ule, ashukie upande huu.

Treni haikuja. Mvua ilikuwa imemomonyoa tuta mahali fulani njiani, ikabidi ingoje mafundi. Jua likapanda. Watu wa kwaya wakakaa chini ya ukuta. Baba yuko upande mmoja wa reli na mtoto yuko upande wa pili, wote wawili wanangoja treni imlete mtu ambaye hayumo.

Frida, mdogo wake Valentino, alitokea akikimbia, mikono kichwani. Watu walisimama mmoja mmoja.

"Baba, bibi ametutoka! Mama anasema njoo, njooni wote!"

Valentino aliona yote kutoka nyuma ya ghala. Alipiga hatua moja, Dionisi akamshika mkono, naye akaupangua mkono huo, akapiga nyingine. Kisha akamwona baba yake akimtazama kupitia juu ya reli. Nikodemu hakutikisa kichwa wala hakuashiria kitu. Macho yake tu yalikuwa yanamsihi, kama jana yalivyomsihi mkewe.

"Pole, mzee," alisema mwalimu wa kwaya. "Twende nyumbani. Sisi wengine tutampokea kijana."

"Tungoje treni," alijibu Nikodemu. "Kijana anakuja."

Mama yake amekufa, naye akangoja treni. Watu walisema baadaye kwamba ule ndio upendo wa baba. Treni ilipofika, Valentino alipanda gizani mwa behewa akatokea mwangani, kwaya ikaanza wimbo wa kupokea ikaukatisha, haijui kama inapokea au inazika. Nikodemu alimkumbatia. Uso wake ulizama kwenye koti, akaivuta harufu ya ndizi zilizovundikwa, na hapo ndipo alipolia kwa sauti.

Wanawake kwenye msiba walilishika koti lile kama sanda ya mtakatifu. "Ulaya kunanukia matunda," alinong'ona mmoja, na wenzake wakaafiki. Wakasema amekuja kwa ndege kumzika bibi yake, mjukuu gani tena kama huyo? Valentino alichimba kaburi nalo mwilini, maana kila alipojaribu kulivua baba yake alikohoa. Mabula naye alikuja kuzika. Alisimama mbele ya kijana, akaliona kovu, akampa mkono.

"Pole na safari," alisema, asiongeze neno. Wapo watu waungwana duniani, ila huwa hatuwatambui mpaka wanyamaze.

Baada ya mazishi ulipakuliwa wali. Stefania alinyoosha mkono juu ya kabati bila kufikiri, akaigusa sahani iliyofunikwa. Mviringo wa vumbi ulikuwa umeizunguka.

"Acha hiyo," alisema Shangazi Eufrasia, dada yake Nikodemu, aliyefika kutoka Mahenge. Hakusema kwa ukali. "Aliyeifunika ndiye wa kuifunua. Mama ameondoka nayo. Huyu sasa ni mgeni wetu, mpakulie sahani ya wageni."

Stefania alimgeukia mume wake. Angesema yote pale pale, mbele ya paroko na ukoo. Lakini Nikodemu alikuwa ameketi ameshika kichwa, hajaonja hata punje, amekuwa mzee kwa siku moja. Huruma nayo humziba mtu mdomo. Akashusha sahani ya kauri yenye maua, ile ya kumpakulia padre, akaijaza wali na samaki, akampelekea mwanawe kwa kupiga goti.

"Karibu, mgeni," alisema.

"Asante, mama," alijibu Valentino. Alikula chote, kwa sababu alikuwa na njaa, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye mkono anaolia wali.

Matanga yalipokwisha walimsindikiza tena. Mwanafunzi hawezi kukaa, masomo yanamngoja, Nikodemu aliwaambia watu. Kwaya iliimba. Safari hii hakukuwa na unga, hakukuwa na wa kuupaka. Stefania aliitazama treni ikielekea milimani, akijua itakaposimama na nani atashuka, na kwamba jioni wataanza somo.

Tangu hapo Stefania alikwenda Mang'ula kila Jumamosi, akarudi na ndizi. Nikodemu hakuuliza zinatoka wapi. Aliendelea kukaa benchi la mbele, ila watu waliokaa nyuma yake waliona haimbi tena. Ndizi alikula akiwa barazani, pale ulipokuwa mkeka wa mama yake, akimenya taratibu.

Jumamosi moja wakati wa masika Stefania alirudi amelowa, akaweka chane mbele ya mume wake. Nikodemu alichomoa ndizi moja, akaigeuza mkononi bila kuimenya.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Nani?"

"Mwenye ndizi."

Stefania alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yake kabati na juu yake sahani.

"Hajambo," alijibu. "Anasema huko baridi sana."

Nikodemu aliinua macho kuelekea milimani, lakini mvua ilikuwa imeifunika yote.

"Mwambie lile koti ajifunike mwenyewe," alisema. "Ndizi aziache ziive taratibu."